Asanteni kwa Kutuzimia Runinga

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: SHUKRANI KWA KUTULINDIA MACHO

Nawashukuru kwa waraka wenu wa tarehe 25 Juni 2025, ule ulioviagiza vituo vyote vya redio na runinga kuacha mara moja kutangaza maandamano mubashara. Watu waliwasema vibaya sana. Mimi niliwaelewa.

Ugonjwa wa habari zetu ni upendeleo. Mwandishi hutia chumvi, mhariri huipunguza, naye mwenye gazeti huuliza kwanza matangazo ya serikali yamelipwa au bado. Kamera iliyosimamishwa juu ya paa katikati ya jiji haina chumvi wala mwenye kuidai. Huonyesha tu gesi ya machozi inakotoka na inakoangukia. Katika wote hao, nyinyi mkaona adui wa ukweli ni kamera. Hongereni.

Waraka wenyewe ulinukuu Katiba, jambo la kutia moyo kwa ofisi ya umma: Kifungu cha 33(2), kisha 34(1). Hapo mkatia nukta. Nadhani karatasi iliwaishia, maana 34(2), hapo hapo chini yake, inaikataza Dola kumdhibiti au kumwingilia mtu anayetangaza. Mkiteremka hadi 34(4) mtakuta vyombo vya habari vya serikali vimetakiwa visiegemee upande wowote na viwape nafasi hata wenye maoni ya kupinga. Kama mna nakala ya ziada, wapelekeeni KBC.

Kisha zikaja habari za Limuru, kwamba mitambo ya kurushia matangazo imezimwa. NTV na KTN zikapotea hewani. Kwenye vinyozi na hotelini skrini zikawa nyeusi tii, na kwa kweli hakijawahi kurushwa kipindi kisichopendelea mtu kama kile. Hata wale wanasiasa wawili wa vyama hasimu, ambao hupigiana kelele saa nzima na wahariri wetu wakaita hiyo mizani, hawakuwepo.

Kasoro ilikuwa simu. Aliyekuwa na bando alihamia TikTok, ambako picha ya leo, ya mwaka jana na ya nchi nyingine hupita kwa foleni moja, na msimulizi hana jina wala mhariri wa kupigiwa akikosea. Sasa huyo ndiye tunayemwamini. Mmemjengea jina bila hata leseni.

Wala si mara ya kwanza. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo chake cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, NTV, KTN, Citizen na Inooro zilizimwa. Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe. Citizen ikakaa gizani zaidi ya wiki. Safari hii mahakama ilisimamisha agizo lenu upesi mno, hata kabla hatujalizoea giza.

Ndiyo maana nina ombi. Juni 2013, watu walipofurika mitaani Istanbul, CNN Türk iliwaonyesha watazamaji wake filamu ya pengwini. Sisi pengwini hatuna, ila heroe wa Ziwa Bogoria wapo, tena bure. Tafadhali agizeni filamu yao mapema, ya urefu wa saa nane hivi, iwe tayari kabla ya Juni nyingine. Mpiga picha tu aonywe asiwachukue wakiinuka wote kwa pamoja. Wakifanya hivyo hufanana mno na umati.

Wako mtiifu,
Mtazamaji, Nairobi