Mechi ya Saa Tano Usiku

Mama yangu alishuka Arusha kutoka Lushoto na gunia la mapeasi. Wiki ileile shemeji yangu akaingia kutoka Kisumu na furushi la samaki wakavu. Hawakuwa wameulizana. Nilipotazama kalenda nikajua tumekwisha: Alhamisi, 27 Juni 2019, Taifa Stars na Harambee Stars, Kombe la Mataifa ya Afrika, Cairo. Tanzania haikuwa imefika huko tangu 1980, Kenya tangu 2004. Wamefika, halafu wanapangiwa kundi moja! Mpira saa tano usiku kwa saa zetu, na sebule yangu ina kochi moja.

Mimi Mtanzania, mke wangu Mkenya anayeishi hapa kwa kibali. Binti yetu, wakati huo wa miaka 10, ni wa pande zote. Kabla ya mechi bibi yake alimwita pembeni akamtilia mkononi noti ya elfu mbili, ashangilie kwao. Baadaye kidogo mjomba akamvutia jikoni na shilingi mia ya Kenya, ashangilie kwao. Alipokea zote, akashukuru kwa adabu ileile.

Dakika ya 6 Msuva akafunga. Vigelegele vya mama viliamsha mbwa wa jirani. Dakika ya 39 Olunga akasawazisha, shemeji akaruka juu ya kochi. Hajashuka vizuri, Samatta kaweka la pili. Mama alimwambia, kwa upole wa kutisha, "Shuka, mwanangu, utaumia."

Mke wangu, ambaye husema mpira haumhusu, alikuwa akipiga pasi mashati yangu ya kazini. Dakika ya 62 Omolo akarudisha. Wakati tunabishana kama beki alilala, nyumba ikawa giza. LUKU imekwisha.

"Kapiga pasi makusudi huyu," mama akasema gizani.

"Mama, nisamehe, lakini hata mimi nilikuwa naangalia!"

Nikanunua umeme kwa simu, tukatoka kwenye mita iliyoko ukutani nje. Tokeni ina tarakimu 20. Mama kashika tochi, shemeji anasoma, mimi nabonyeza. Shemeji anasoma kama walivyomfundisha shule, kwa Kiingereza, mbiombio, "double four, seven, zero." Mita ikakataa.

"Msomee Kiswahili, mwenzio anakosea!" mama akafoka, na tochi ikaelekea kwenye mti wa parachichi.

Tukaanza upya. Tulipofika katikati, mtaa mzima ukanyamaza ghafla. Usiku wa Taifa Stars, Arusha, hiyo ni taarifa kamili. Shemeji akaacha kusoma, akaanza kucheza na simu yangu mkononi, nami nikamkimbiza kuzunguka pipa la maji nikitafuta tarakimu zilizobaki. Umeme uliporudi ilikuwa 3–2, Olunga tena, dakika ya 80. Mtoto alikuwa amelala tangu mapumziko. Noti zake mbili alizikunja pamoja chini ya mto.

Siku chache baadaye timu zote mbili zilitolewa, tukala samaki na mapeasi kwa amani.

Kinachonikera si Olunga, ni sheria ya uraia ya Tanzania. Katiba ya Kenya ya 2010 haina shida na binti yangu kuwa na uraia wa nchi mbili. Tanzania inamvumilia akiwa mtoto tu. Akifika miaka 18 aukane ule wa mama yake ndipo abaki Mtanzania. Atafika umri huo 2027, mwaka ambao kombe hilohilo limepangwa kuandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Serikali hizi zimekubaliana kugawana viwanja, mechi na wageni. Waheshimiwa wabunge, ibadilisheni sheria hiyo, binti yangu asilazimishwe kumkana mama yake kwa fomu.