Kupanda Ndege Kufuata Ndege

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, yaani unapanda ndege ukatazame ndege?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua mchicha.

Nilikuwa naelekea milima ya Bale, Ethiopia, na nilikwishaapa sitatumia wakala. Bei za mawakala ni za wazungu, nami nina daftari. Miezi miwili nililijaza: basi la kutoka Addis Ababa hadi mji wa Robe, dereva wa kunipandisha uwanda wa Sanetti ulio mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, soksi za sufu, na orodha ya ndege wasiopatikana kwetu. Kuzoeza mapafu, nilipanda ngazi za ofisini kila siku, ghorofa nne. Hata kalenda yao niliikariri: miezi 13, na mwaka ulio nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane. Mtu aliyejua yote hayo angeshindwa na nini?

Saa.

Dereva nilimpata kwa simu. Kiingereza chake cha kuunga, changu cha kujidai, tukaelewana: kesho, kumi na mbili. Nikafanya hesabu ya darasa la tatu. Kumi na mbili ya Kizungu, toa sita, saa sita mchana. Nilishangaa kidogo, maana ndege hutazamwa alfajiri, lakini nikajisemea huenda kule juu baridi huwachelewesha kuamka.

Alfajiri hiyo kiumbe fulani kilianza kupayuka kwenye mti wa gesti kama mtu aliyeibiwa. Nikajifunika blanketi gubigubi, nikakilaani.

Saa sita mchana nikatoka, darubini shingoni. Hakuna gari. Mzee wa mapokezi akasema dereva alikuja kumi na mbili, akapiga honi wee, akaondoka.

"Kumi na mbili ipi?"

Mzee akanyoosha kidole mashariki, jua linakochomoza.

Kumbe Waethiopia huhesabu saa kama sisi! Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuvuka mto Ruvu, angelipanda gari lile bila wasiwasi. Mimi msomi nilitoka na saa ya Kiswahili, nikaipitisha Uingereza, nikaipeleka kwa watu wenye saa ya Kiswahili, nikachelewa saa sita nzima.

Nikampigia dereva kuomba radhi. "Kesho saa moja," nikasema kwa kujiamini. Saa moja asubuhi nilikuwa nje, meno yakigongana. Naye, kwa kumhurumia mgeni, alikuwa ameigeuza iwe ya Kizungu. Alifika saa saba mchana.

Sanetti tuliikuta imefunikwa ukungu. Zile ngazi za ofisini hazikunifaa kitu. Kila hatua kumi nilikaa chini. Bata bukini wa mabawa ya buluu, niliyemlipia nauli yote ile, dereva aliapa yuko pale pale bwawani. Bwawa lenyewe sikuliona.

Asubuhi ya kuondoka, kelele zikaanza tena mtini. Nikatoka na blanketi langu kwenda kumjua mwizi wa usingizi wangu. Alikuwa kwarara, mwenye kijinyama kinachoning'inia kooni, wa aina ipatikanayo nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea tu. Kwenye daftari langu alikuwa namba nne.

Nikatazama saa: kumi na mbili kamili. Ukienda, yako usiiguse. Dar na Addis Ababa hutumia saa ileile.