Plagi Isiyo na Mwenyewe

Ukitaka kujua mji wa Wote una wataalamu wangapi, fungua boneti. Usiseme lolote. Simama kando ya pikapu umeshika kiuno, na injini haitapoa kabla hujapata jopo zima: fundi, wa bodaboda, muuza maembe, na mzee mmoja aliyeendesha lori la Bedford miaka ya 1970.

Shida yangu ni ndogo. Karibu na betri inaning'inia plagi ya kijivu ya matundu matatu, haijachomekwa popote. Gari linawaka, taa zinawaka, honi inalia. Lakini aliyenunua gari la mtumba hapati usingizi kukiwa na waya asiojua unakokwenda.

"Hiyo ni ya taa za ukungu, bosi," akasema fundi. Ukungu! Hapa ambapo wingu likipita watu hutoka nje kulitazama. Haya, Mbooni kule juu asubuhi za Julai upo, lakini mimi napeleka maembe Kalamba, Mbooni sina shughuli nako. Mwenzake akaapa ni ya alamu. Mzee wa Bedford akasema ndiyo inayokunywa dizeli. Hakuna aliyesema "sijui". Nadhani gereji hawalitumii neno hilo kwa sababu haliwezi kulipishwa. Kijana mmoja akataka kuichomeka kwenye soketi ya jirani "tuone tu." Nikafunga boneti, vidole vyake vikaponea chupuchupu.

Baadaye nikapata mzigo wa Kitui, nikashika barabara ya Kibwezi na Mutomo, nikaingia gereji moja ya Kalundu, pale Kitui. Akaja msichana wa chuo cha ufundi, yuko mafunzoni bado, ovaroli imemzidi kimo. Hakuuliza historia ya gari. Akabana klipu ya testa kwenye chuma cha injini, akagusisha ncha tundu kwa tundu. Waya mweusi, kimya. Huo ni eathi. Wa pili nao kimya, mpaka nilipozungusha ufunguo, kibalbu kikawaka. Wa tatu, hakuna kitu.

"Mzee, kiwandani hufunga nyaya za aina moja kwenye modeli nyingi. Ile ya bei ya juu huja na taa za ukungu. Yako haina, plagi imebaki."

Yaani yule wa Wote alibahatisha akapata! Nimpigie simu nimwambie? Thubutu.

Akaizungushia tepu vumbi lisiingie, akaifunga isining'inie, akataka shilingi 200. Mambo yangeishia hapo, ila shemeji alikuwa kiti cha mbele na alikiona kibalbu.

"Kumbe una umeme umekaa bure!"

Sasa yeye anataka spika ya kutangazia maembe. Mama watoto anataka pa kuchajia simu. Jirani yangu mfugaji ameuliza kama plagi hiyo itawapa vifaranga joto. Nimemweleza kwamba fyuzi yake ni ndogo, inabeba taa mbili basi.

"Hata vifaranga wenyewe si wengi," akanijibu.