Samahani, Mheshimiwa, Tumechelewa Kuugua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

MINTARAFU: KUOMBA RADHI KWA KUUGUA NJE YA RATIBA

Mheshimiwa, sisi wakazi wa Nyeri tunakuangukia miguuni. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la Hillside Endarasha Academy, huku Kieni, liliteketea na wavulana 21 wakapoteza maisha. Serikali haikulala: bendera zilipepea nusu mlingoti, siku 3 za maombolezo ya kitaifa zikatangazwa, na Msalaba Mwekundu wakaja na washauri nasaha. Kosa ni letu. Madaktari wanasema ugonjwa wa kiwewe haupewi jina hilo mpaka dalili zidumu zaidi ya mwezi 1. Maombolezo yakaisha kabla hatujafuzu kuwa wagonjwa.

Sasa tumefuzu. Utakuta mtoto analala na viatu miguuni. Akinusa moshi wa jiko anatoka mbio, ugali anauacha sahanini. Mama naye huamka saa nane za usiku kupapasa komeo la mlango, arudi kitandani, aamke tena. Wasiolala si wa moto wa 2024 pekee. Mei 1999 viranja 4 wa Nyeri High walichomwa moto usiku, na wavulana waliokuwa shuleni siku hizo leo ni wazazi wanaotia saini fomu za bweni.

Usidhani hatuna tiba. Kuna kesha kanisani. Kuna mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye pia ndiye wa hisabati na ana madaftari ya kusahihisha. Kuna pombe, ile mnayoifanyia msako kila ikiua, bila kuuliza wanywaji wanajaribu kusahau nini. Na kuna dawa ya wanaume wa Mlima Kenya, ya bure kabisa: jikaze. Anayetaka zaidi huambiwa aende Mathari, na hapo inabidi tuulize ipi, kwa maana Mathari yetu ya Nyeri ni hospitali ya misheni ya Consolata. Ile ya akili iko Nairobi, karibu kilomita 150, na jirani akijua umeenda huko, hata posa ya binti yako inaingia mashakani.

Haki itendeke, serikali iliwahi kutuma daktari wa akili atuangalie. Mwaka 1954, watu wakihamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vya Hali ya Hatari, Dkt. J.C. Carothers, aliyewahi kuwa mkuu wa Mathari ya Nairobi, aliiandikia serikali ya kikoloni kitabu kuhusu akili za Mau Mau. Aliyepigwa ndiye aliyechunguzwa kichwa. Aliyepiga alionekana mzima. Babu zetu walirudi kutoka kambi za kizuizini wakanyamaza, na ule ukimya tukauita heshima.

Sasa ombi, nalo halina kejeli. Shirika la Afya Duniani lina tiba fupi ya mazungumzo: vikao 5 vya dakika 90 hivi, na anayeiendesha si lazima awe daktari. Ilijaribiwa hapa hapa Kenya, pembezoni mwa Nairobi, kwa wanawake wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Wahudumu wa afya wa mtaani waliofundishwa ndio waliowahudumia, na wanawake wakapata nafuu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Wahudumu wa namna hiyo tayari mnao: Septemba 2023 mlizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wakifika kwetu wanapima mkono, wanapima kidole, wanaaga. Usingizi hawauulizi, maana hawakufundishwa wafanye nini wakijibiwa.

Wafundisheni vikao hivyo 5, Mheshimiwa, na wale ambao wamezidiwa wapate mtaalamu katika hospitali ya kaunti, si kilomita 150. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imekwisha kuzibebesha kaunti wajibu huo. Kilichobaki ni fedha. Anzeni na Kieni, kabla ya muhula ujao kufunguliwa.

Wako watiifu,
Wakazi wa Nyeri wasiolala