Karasha ya Turner

Picha nilikuwa nayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka: treni ya J.M.W. Turner, Mwingereza, aliyoichora 1844. Treni inakuja darajani katikati ya mvua na moshi, na mbele yake sungura anatimua mbio, usipoambiwa, humwoni. Nikajisemea, kama sungura mwenyewe haonekani, kazi ya kuinakili itakuwa nyepesi.

Mimi shule yangu ya uchoraji ni Tingatinga. Chui ana madoa, kila doa lina mpaka wake, basi. Ukungu hauna mpaka. Turner alitumia rangi iliyosagwa na mafuta ya kitani, haikauki upesi, akawa na muda wa kuisugua nyeupe ndani ya kijivu hadi zisijuane. Dukani kwetu Nyarugusu nako ipo inayoitwa rangi ya mafuta, nami nikaamini jina. Kumbe ni ya kupakia milango! Kwa jua lile iliganda kama ugali wa jana kabla sijageuza brashi. Nikaongeza thina. Nikaongeza tena. Anga lote likateremka, likavuka daraja, likachuruzika hadi kwenye ndala zangu. Mvua niliipata, ila ilinyeshea sakafu.

Jaribio la tatu nikashika kanuni: vya mbali vififie, vya karibu vikolee. Sungura tu ndiye aliyenishinda. Mkono ulimzungushia wino mweusi wenyewe, kwa mazoea. Nikaegemeza hadibodi nje ikauke, nikaingia kunywa chai. Sasa, nyuma ya nyumba yetu kuna karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na siku hiyo mawe yalikuwa yameletwa kwa viroba na viroba. Natoka, vumbi limeshalala juu ya rangi mbichi, laini, sawasawa, kutoka mawinguni hadi mtoni. Treni imefifia. Daraja limefifia. Nilichohangaikia wiki mbili, karasha imekimaliza kwa kikombe kimoja cha chai.

Mama mwenye nyumba akaja, khanga kiunoni. Akapitisha kidole kwenye kona ya anga, akalisugua lile vumbi kwa dole gumba, kama mtu anayetafuta chembe.

"Mwanangu, hii karasha ya nani?"

"Treni hiyo, mayu. Ya Uingereza."

"Na huyu panya?"

"Sungura."

Akamtazama kwa muda, kwa huruma kabisa.

"Basi hata yeye anakimbia vumbi," akasema, akaenda kuanua nguo zake.