Sifa za Moteli ya Nje ya Ukuta

Wenzangu wamesifu maua, wamesifu dhahabu, wamesifu wabunge wakati wa kampeni na maharusi kabla hawajaishi pamoja. Sijamsikia aliyesimama kuisifu moteli ya bei ya chini. Leo nasimama mimi. Na sisifu moteli ya popote, nasifu ile iliyo kando ya boulevard Wilfrid-Hamel, pembezoni mwa mji wa Québec, nchini Kanada, nilikolala siku nne za mwezi wa pili. Jina lake nalihifadhi, maana sifa zikizidi bei hupanda.

Nilikwenda kumwona mdogo wangu anayesoma Université Laval. Chumba chake cha wanafunzi kina kitanda kimoja na msimamo mmoja: mgeni alale kwingine. Nikaingia kwenye intaneti kutafuta pa kujilaza, nikitanguliza swali ambalo kila Mtanzania mwenye akili hutanguliza: rahisi kuliko zote ni ipi?

Desturi ya msifiaji ni kuanza na nasaba, basi na tuanze huko. Neno moteli lilizaliwa mwaka 1925 huko San Luis Obispo, California, pale msanifu majengo Arthur Heineman alipolibana neno la motokaa na neno la hoteli hadi yakawa neno moja. Tazameni ubanaji huo ulivyo wa ukoo. Jina lilibanwa, chumba kikabanwa, na sabuni nayo ikabanwa hadi ukaweza kuimeza kwa bahati mbaya ukidhani ni pipi.

Lakini katika Québec, ukoo wa malazi duni ni mkongwe kuliko neno lenyewe. Samuel de Champlain alipouanzisha mji huo mwaka 1608 alijenga nyumba ya mbao kando ya mto Saint-Laurent na kuingia na watu wake 28 kupisha baridi. Theluji ilipoyeyuka walikuwa wamebaki wanane. Wengine walimalizwa na kiseyeye na tumbo la kuhara. Mimi niliingia moteli mmoja, nikatoka mmoja, tena nikiwa nimeongezeka kilo mbili. Anayelalamikia kapeti yenye madoa na aisome kwanza hesabu ya Champlain.

Baadaye, mwaka 1648, watawala wa koloni walimpa ruhusa bwana mmoja aitwaye Jacques Boisdon afungue nyumba ya kwanza ya wageni mjini hapo. Masharti aliyopewa ni ya kupendeza. Akae kwenye uwanja, karibu na kanisa, ili watu wapate pa kuota moto, na asihudumie mtu wakati wa misa. Hawakumdai mto wa manyoya wala bwawa la kuogelea. Walidai moto. Sharti hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Nasaba imetosha, twende kwenye fadhila.

Fadhila ya kwanza ni kwamba moteli haikuulizi mambo. Mimi ni mhitimu wa gesti za kwetu, ambako mbele yako hufunguliwa daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kabla hujaonyeshwa chumba unajaza jina, kabila, kazi, unakotoka na unakokwenda. Kule nilitoa kadi ya benki, nikataja namba ya gari, nikaonyeshwa mlango. Namba ya gari nilitaja ya basi nililokuja nalo, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi tupu na mimi sipendi kuacha nafasi tupu. Hakuna aliyejali. Kwa mara ya kwanza maishani nililala mahali bila mtu kujua mimi ni Mhehe.

Fadhila ya pili ni kuta nyembamba. Watu huziona kasoro, na mimi naziona chuo. Kifaransa changu ni cha shuleni, cha Paris, na katika Kifaransa hicho chakula cha mchana huitwa déjeuner. Kwenye kibao cha mapokezi iliandikwa kwamba déjeuner ni bure kwa wageni wote. Nikafurahi, nikabaki kitandani hadi saa tano, nikaenda saa sita mchana nikiwa nimejiandaa kwa wali. Nikakuta tosta imepoa na kopo la siagi ya karanga limefungwa. Usiku huohuo jirani wa chumba cha pili alimweleza mkewe mipango ya kesho yao, saa kwa saa, na ukuta ukanifundisha kwa ufasaha: Québec déjeuner ni ya asubuhi, dîner ni ya mchana, souper ni ya jioni. Mwalimu wangu wa sekondari hakuwahi kunifundisha hilo, tena yeye alikuwa analipwa.

Fadhila ya tatu ni kuamsha. Hoteli kubwa hukuwekea mapazia mazito na godoro lenye kukumbatia, ukaamka saa nne jua limekwisha kuchoka. Moteli yangu ilikuwa na mashine ya kukwangua theluji iliyokuja kila siku saa kumi alfajiri kusafisha maegesho. Ikirudi nyuma inalia pii, pii, pii, kama inayoita majina ya waliolala. Hivyo kulipopambazuka nilikuwa nimekwisha kufika mji wa kale, nikishuka zile ngazi waziitazo Casse-Cou, yaani vunja shingo, jina ambalo mwezi wa pili si fumbo hata kidogo. Nikasimama peke yangu Place Royale, mahali Champlain alipojenga nyumba yake, mbele ya kanisa dogo la mawe la Notre-Dame-des-Victoires lililoanza kujengwa mwaka 1688. Hapakuwa na mtalii hata mmoja, kwani wote walikuwa wamekumbatiwa na magodoro yao. Theluji ilikuwa haijakanyagwa, na chini mtoni mabarafu yalikuwa yanasukumana yakilia kama vyombo vinavyooshwa na mtu mwenye hasira. Ningekuwa nimelala pazuri nisingeyaona hayo.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya moteli duniani. Hoteli ya kifahari hushindana na mji, inakubembeleza ubaki ndani uoge, ule, utazame dirishani. Moteli haina wivu. Chumba chake hakina cha kukubakiza, kwa hiyo kinakusukuma nje ukauone mji uliofunga safari kwa ajili yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Moteli hukupa jembe siku ile ile ya kwanza, na ukweli ni kwamba shambani ndiko ulikokuja.

Sasa nimtaje mpinzani, maana sifa bila mpinzani hazikolei. Juu ya jabali la Québec, mahali panapoonekana kutoka karibu pande zote, limekaa jumba la Château Frontenac, lenye minara ya kijani na vyumba zaidi ya 600. Mwaka 1943 na 1944 Churchill na Roosevelt walikutana mjini hapo kupanga vita, na jumba hilo likawa sehemu ya shughuli hiyo. Mtu akilitazama hudhani lilijengwa na mfalme. Lilijengwa na shirika la reli, Canadian Pacific, likafunguliwa mwaka 1893 ili watu wapate sababu ya kupanda treni. Tumezoea kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya, na tuulizane: kati ya jumba lililojengwa kwa mtindo wa kasri ili liuze tiketi, na moteli yenye taa moja nyekundu iliyoungua herufi mbili, ni kipi hasa kinachojitembeza?

Tena historia ya mji huu inamwonya kila anayeng'ang'ania kulala ndani ya ukuta. Kuta za Québec, zenye urefu wa kilomita 4.6, ndizo pekee za mji mzima zilizobaki zimesimama kaskazini mwa Mexico, na mwaka 1985 UNESCO iliuweka mji wa kale katika Urithi wa Dunia. Jenerali Wolfe wa Uingereza alitaka kuingia humo. Tarehe 13 Septemba 1759 aliwapandisha askari wake jabali usiku, wakapigana na Wafaransa asubuhi kwenye Nyanda za Abraham kwa muda usiofika saa moja. Wolfe akafa uwanjani, na Montcalm, jenerali wa Wafaransa aliyemzuia, akafa siku iliyofuata. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 1775, Richard Montgomery naye akaja na jeshi la Wamarekani katikati ya dhoruba ya theluji, katika msimu wa sikukuu, bila kuweka nafasi mapema. Akauawa nje ya mlango. Kila aliyetaka chumba ndani ya ukuta alikilipia. Wao walilipa kwa roho, wewe utalipa kwa kadi, na usiku wa deni hauchelewi kukucha.

Wapinzani watasema moteli iko mbali. Kweli, iko mbali, na kwa hiyo inataka mtu wa mipango. Asiye na gari asiige kosa langu la kukaa Wilfrid-Hamel, barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya magurudumu. Atafute moteli za upande wa Sainte-Foy au Beauport, kwa kuwa basi namba 800 huziunganisha sehemu hizo mbili likipita katikati ya mji. Wa Beauport ana nyongeza: yuko karibu na maporomoko ya Montmorency yenye kimo cha mita 83, yanayoyazidi Niagara kwa mita kama 30, ingawa Niagara ndiyo yenye jina. Mwenye gari naye ataegesha mlangoni pake bila malipo, kisha aingie mjini kwa basi, maana ndani ya ukuta mitaa ilichorwa kwa ajili ya farasi na maegesho yake ni ya wenye nazo.

Watasema pia bei iliyotangazwa siyo bei utakayolipa. Hapo nawapa haki yao, ila hilo si la moteli, ni la serikali. Chumba cha dola 100 huongezwa kwanza kodi ya malazi ya asilimia 3.5. Juu yake huja kodi ya taifa asilimia 5 na ya jimbo asilimia 9.975. Dola 100 zinaondoka zikiwa karibu 119. Kodi hizo hazimtazami mtu usoni, zinampanda wa moteli na wa kasri vilevile, tofauti ni kwamba asilimia ya kidogo ni kidogo. Watasema msimu. Naam, Carnaval ya mwezi wa kwanza na wa pili na tamasha la Julai hupandisha bei hata za vyumba vyenye harufu ya sigara za mwaka juzi. Mwenye haraka aende wakati huo kama mimi, mwenye busara aende mwezi wa kumi na moja.

Yamebaki ya hita. Chini ya dirisha langu palifungwa hita iliyonguruma usiku kucha kama lori la mkaa linalopanda mlima Kitonga. Siku ya pili, nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nilikaa nusu saa na programu ya kutafsiri nikitunga malalamiko ya Kifaransa yenye adabu. Nikafika mapokezi, nikafungua kinywa, sentensi yote ikayeyuka. Nikajikuta nasema, "Ah, basi tena."

Mama aliyekuwa zamu akainua kichwa. "Papa, unasemaka Kiswahili?"

Alikuwa mtu wa Bukavu. Tukasalimiana kama ndugu waliopotezana sokoni. Nikamwambia, dada yangu, ile hita inaninyima usingizi. Akanisikiliza hadi mwisho, akacheka taratibu.

"Papa," akasema, "ile mashini inapigaka makelele, lakini inaletaka moto. Ile yenye inanyamaza njo ya kuogopa."

Nikarudi chumbani nimeshiba. Mwaka 1648 Boisdon alidaiwa awape watu pa kuota moto, na karne karibu nne baadaye moteli yangu ilikuwa inalitimiza sharti hilo kwa sauti kubwa. Mengine yote, minara, mawe, mto na ngazi za kuvunja shingo, mji wenyewe unayatoa, na mengi kati ya hayo ni bure. Hata picha nzuri ya Frontenac hupigwa kutoka kwenye kivuko cha kwenda Lévis, ng'ambo ya mto, na tiketi ya kivuko haiulizi ulilala wapi.

Basi ndugu msomaji, siku ukijaliwa kwenda Québec, omba chumba kisichotazama barabara, beba ndala zako na adapta ya plagi, amka kwa ajili ya tosta, na toka. Na usiku ukirudi, kabla hujafungua begi, tega sikio kwanza. Hita ikinguruma, shukuru ulale. Ikinyamaza, rudi mapokezi mapema, kabla theluji haijaanza.