Marehemu Bado Anazaa

Shemeji yangu wa Mbale aliniagiza vifaranga kumi, majike watupu. Jogoo wa boma lile, alisema, ni yeye mwenyewe.

Sikuona taabu. Hapa Jinja nina matetea wa Plymouth Rock, wale wa mistari myeusi na myeupe, na nilishafunzwa kanuni: wakipandwa na jogoo mwekundu wa Rhode Island, vifaranga hujitaja siku ile ile ya kuanguliwa. Wote hutoka weusi. Mwenye doa jeupe utosini ni jogoo, asiye nalo ni jike, kwa kuwa tetea mistari yake huwarithisha wanawe wa kiume tu. Mwingereza Punnett, wa Cambridge, alishauri ujanja wa namna hii tangu Vita Kuu ya Kwanza, ili majogoo wasile pumba za bure. Mimi hao nimewalisha tangu nioe.

Jogoo wangu wa zamani, kishingo wa mistari, tulimchinja Jumapili moja shemeji alipokuja kutusalimia. Firigisi alikula yeye. Jumatatu nikanunua mwekundu kwa bei ya kuumiza, Jumatano nikaanza kuweka mayai, na wiki ile haikuisha kabla sijamlalisha tetea juu ya kumi na mawili ya kuanzia.

Siku ya 21 wakatoka wote. Wote wana doa! Nikahesabu tena, nikafuta miwani. Majogoo kumi na wawili? Mke wangu akamwinua mmoja, akamgeuza huku na huku. Shingo tupu.

"Baba watoto, huyu si mtoto wa marehemu?"

Kumbe tetea akishapandwa huweka akiba ya mbegu tumboni, wiki mbili na zaidi. Mwekundu wa watu alikuwa akiwika na kujipigapiga mabawa kwa kazi iliyokwishafanywa na supu. Na baba akiwa wa mistari, doa huweza kuwapata wana wote, wa kike na wa kiume, kwa hiyo kanuni yangu nayo imekufa.

Nikampigia shemeji kumweleza. Akalalamika kwamba mimi si mtu wa kuagizwa. Nikamuuliza, kwa adabu, ile firigisi ilikuwa ya nani.

Akasema hanisikii vizuri, mlima Wanale unaziba mtandao, na simu ikakatika.